Programu Niliyoutengenezea Uso Wako Bila Kukuuliza

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ile ya mwisho, asubuhi uliyopanda basi kwenda Itigi kwa dada yako, hukuiitikia. Nilidhani hukusikia, nikairudia. Ulikuwa umesikia.

Unakumbuka siku uso wako ulipopooza? Ulikuwa unakunywa uji, ukamwagika upande wa kushoto, ukacheka ukidhani kikombe kimetoboka. Kicheko nacho kikatoka upande mmoja. Majirani hapa Mwankoko walisema umepigwa na upepo mbaya. Hospitali wakasema ni mshipa wa fahamu wa uso, utarudi polepole ukifanya mazoezi, wakakupa karatasi yenye picha za mtu mwenye kipara anayekunja uso. Ulisema, "Huyu naye anaumwa kuliko mimi." Ukaikunja, ukazibia chupa ya mafuta ya alizeti.

Mimi nikaichomoa, nikaamua kuigeuza iwe programu ya simu. Mwalimu wa klabu yetu ya kompyuta alikuwa ametufundisha kwamba programu nzuri huanza na mtumiaji: umuulize, umtazame, umsikilize. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Kisha nikafanya kinyume, nikiamini ndiyo heshima. Umenilea hivyo mwenyewe: mtoto akimsalimia mkubwa huinamisha macho, na hamuulizi habari za mwili wake. Kwa hiyo sikukuuliza. Niliwauliza wenzangu wanne wa klabu, wenye nyuso nzima. Walijifanya wamepooza, wakavuta midomo kwa vidole, tukacheka, nikaandika majibu yao kana kwamba ni yako.

Siku nilipokuletea simu, ilisema kwa sauti ya rafiki yangu Neema: "Tabasamu. Tena. Inua nyusi." Ukanigeukia na lile jicho lisilofumba.

"Hii simu imelelewa na nani?"

"Kwa nini, shangazi?"

"Inaniamrisha kabla ya shikamoo."

Kesho yake nilimrekodi Neema akisema shikamoo. Ukaitikia marahaba kwa uzito kabisa, halafu ukaanza mazoezi. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda kuuza mafuta sokoni ulikaa kwenye kigoda, ukaifungua khanga uliyokuwa ukijifunikia mdomo. Hukumfungulia mtu mwingine. Uliniambia, "Sura hii ni ya humu ndani." Nikasema ndiyo.

Mimi ambaye sikuwahi kukutazama usoni sawasawa, nilikujua kupitia video ambazo simu ilikurekodi ukifanya mazoezi. Nililiona kovu dogo juu ya mdomo wako. Sikukuuliza ulilipata wapi.

Kwenye maonyesho ya sayansi pale mjini, majaji walitaka kuona kama programu inafanya kazi. Mwalimu akasema, "Weka video, watu waamini." Yeye hakujua nilichokuahidi. Mimi nilijua. Lakini unanifahamu, mbele za watu sauti yangu inakauka, na video ingeongea badala yangu. Niliona aibu kuonyesha uso wangu, nikaonyesha wako.

Ulitokea ukutani, mkubwa kuliko mlango. Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Mmoja akainua simu, akakurekodi. Mwishoni nikapewa cheti, kimeandikwa kwamba ni kwa ubunifu unaomjali mtumiaji.

Siku mbili baadaye ulirudi kutoka sokoni mapema. Ulitua dumu la mafuta mlangoni, hukuliingiza.

"Ulinionyesha?"

"Ilikuwa kuonyesha maendeleo, shangazi."

"Maendeleo ya nani?"

Ukaniambia kuwa kijana muuza vocha alivuta mdomo wake upande mmoja, akakuuliza, "Mama alizeti, na mimi nitaingia kwenye simu?" Ulisimulia polepole, bila kupaza sauti. Ungenichapa ningeshukuru.

Namchukia kijana yule. Nawachukia waliocheka, na cheti kile kilichobandikwa ofisini kwa walimu, ninachokiona kila nikipeleka madaftari. Lakini daftari langu lenye maneno mekundu ndilo nisiloweza kulifungua. Video nimeifuta kwenye simu yangu. Kwenye simu zao ipo.

Juzi dada yako alipokea simu yangu, maana zangu wewe hupokei. Anasema unapona. Kila asubuhi unapuliza moto wa kuni mpaka unashika. Mwanzoni pumzi ilitorokea upande, sasa haitoroki. "Huyu hakuwa anatafuta kutabasamu," akaniambia. "Anataka kupiga vigelegele kwenye harusi ya binti yangu."

Shangazi, niliweka mazoezi manane. Zoezi la kutabasamu nililiweka kwanza kwa sababu ndilo kamera inalolipima kwa urahisi. Kupuliza sikuweka. Na wewe ndiye waliyekuwa wanakufuata kila send-ofu na kila kipaimara mtaani kwetu, kwa sababu vigelegele vyako vilisikika hadi barabarani. Vilipokoma nilikuwa nyumba moja na wewe, na nilichoandika mimi ni asilimia za tabasamu.

Sasa programu haina kamera. Baada ya shikamoo inauliza swali moja: unataka uso wako uweze kufanya nini? Kisha inanyamaza, inasubiri. Mwalimu anasema kwa namna hiyo haitashinda popote. Sawa. Lile swali ni sentensi moja tu. Nilikuwa na miezi minne ya kulisema, jikoni, tukichambua mlenda kwenye ungo mmoja.

Siombi kualikwa harusini. Siku utakayopiga vigelegele nitasikia kwa watu, kama wewe ulivyosikia habari zako kwa watu.

Shikamoo yangu iko pale juu, mwanzo wa barua. Iache hapo mpaka utakapotaka.

Mtoto wa kaka yako