Upimwe Kabla ya Jumatatu

Kwako shemeji,

Salamu kwako na kwa wanao. Bomba la jikoni limetengenezwa, na paka amezaa juu ya kabati la vitabu. Nimeinuka mara tatu tangu nianze barua hii.

Dada yako anaharisha mwezi wa pili sasa. Daktari anasema dawa kali zimeua bakteria wema wa utumbo wake, wakabaki waharibifu. Tiba ni kupandikiziwa bakteria kutoka katika choo cha mtu mwenye afya. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nilijitolea, nikakataliwa, kwa kuwa nami humeza dawa hizo kila ninapopiga chafya.

Dada yako alicheka: “Mzee, miaka arobaini unajisifia usafi, leo hata choo chako kimekataliwa! Cha mtu nisiyemjua sikitaki. Mwite ndugu yangu.”

Kisha nilimbeba hadi kitandani. Amekuwa mwepesi mno.

Dawa zile nilimpa mimi, mabaki yangu, bila kumwuliza daktari. Bado sijamwambia.

Najua nilikukataza kukanyaga nyumbani kwangu. Njoo upimwe kabla ya Jumatatu, siku atakayopandikiziwa. Ukitaka kunitukana, nitukane pale mlangoni, kisha uingie.

Ni mimi,
Mume wa dada yako