Vazi la Bwana Mgomba na Aliyelichora

Mpendwa mdogo wangu Paskazia,

Nimekaa kwenye kiti hiki mara nne tangu asubuhi, na mara nne nimeinuka. Niko Bukoba, katika nyumba ya wageni, na saa nane mchana natakiwa kuzungumza mbele ya watu wanaompenda Bwana Mgomba, shujaa wetu wa katuni. Ndiyo, bado wapo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa jarida letu lilipokufa. Wamesoma kurasa zilizopigwa picha kwa simu. Sasa wanataka kumchapisha upya, awe kitabu kizima. Jalada limeshatengenezwa: yeye na ndevu zake, chombo chake cha kurukia, na chini yake jina langu peke yangu.

Miezi michache iliyopita waliniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp. Ungecheka. Watu wazima wanabishana siku nzima kile chombo kilitoka wapi. Deo, mwalimu wa sekondari kule Muleba, anashikilia kwamba nilikiiga kwenye majarida ya Wazungu, kwa sababu kina pua iliyochongoka na nyuma kinatoa moto. Anitha, mwenye duka la dawa hapa mjini, akamjibu kuwa Deo hajawahi kufika visiwa vya ziwani akaona mitumbwi ya wavuvi, ndiyo maana kwake kila kitu ni roketi. Deo akamwuliza ni mvuvi gani aliyewahi kuonekana akiruka juu ya mji wa Nshamba. Waliendelea hivyo mpaka mtu mmoja akawaomba wapumzike kidogo, yeye yuko msibani na simu yake haiachi kulia.

Niliwasoma nikiwa Morogoro. Nilicheka peke yangu, halafu nikashikwa na hamu ya nyumbani iliyonikosesha utulivu wiki nzima. Hakuna aliyekisia gogo la baba. Unalikumbuka lilivyolala nyuma ya nyumba kule Buganguzi, katikati ya migomba, limechongwa ndani likawa kama hori refu, na wanaume wamekunja suruali wakikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka yatoke yale maji matamu ya kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Moto anaouona Deo ni nyasi zilizoning'inia upande wa nyuma. Wewe ulizichora kama zilivyokuwa, zimelowa, zimechanganyikana.

Baba hakukuruhusu kutia mguu humo. Mimi niliruhusiwa nikiwa na miaka saba. Wewe uliambiwa msichana akikanyaga, pombe inaharibika, basi ukabaki kuchota maji na kutuangalia. Siku moja ulikuja na daftari lako la hesabu. Ulikuwa umelichora gogo lile likiwa juu ya mawingu, na ndani yake msichana amesimama peke yake, anakanyaga, na kwa kila hatua gogo linapanda. Nilikuuliza anakwenda wapi.

"Hajaamua," ulisema. "Kwanza ameingia."

Ulimwita Binti Mgomba. Likizo zote zilizofuata tulikuwa naye. Wewe ukichora, mimi nikimtafutia maneno ya kusema. Michoro haikuwa yangu hata mmoja. Naliandika hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nimeliacha gizani.

Wiki iliyopita ubishi ulihama kutoka kwenye chombo ukaenda kwenye vazi. Anitha aliuliza kwa nini Bwana Mgomba analifunga rubugo lake, kitambaa chetu cha gome la mti, chini ya makwapa na kulizungusha kifuani. Mashujaa wengine hufunga nguo begani. Deo akasema ni mtindo wa watawala wa kale wa huko ng'ambo. Mwingine akasema hapana, mtu ametoka kuoga, hilo ni taulo. Kundi zima likacheka, nami nikacheka nao. Ndipo Anitha akaniandikia mimi, mbele ya wote: "Mzee wetu, tusaidie. Bibi yangu amesema hivi walifunga wanawake."

Nililaza simu kifudifudi mezani. Nikatoka, nikaenda hadi sokoni, nikarudi bila kununua kitu. Nikatoka tena.

Jibu nilikuwa nalo. Nilipoipeleka michoro yako ya likizo zote zile Dar es Salaam, mwenye jarida aliipenda, ila akasema wavulana hawatanunua msichana anayeruka. Akanipa siku mbili. Nikamfuta nywele, nikamtia ndevu, nikageuza Binti kuwa Bwana. Nikaandika jina langu, nikijiambia kuwa lako litaingia toleo la pili. Nguo sikuigusa. Sikujua kama inahitaji kuguswa, kwa sababu siku bibi yetu alipotoa rubugo lake sandukuni akakufundisha kulifunga, mimi nilikuwa nje na mpira.

Nilipokutumia nakala ya kwanza uliniandikia mstari mmoja: "Kaka, amependeza, ila uso ni wako." Nilikujibu kwa kukuuliza habari za kahawa. Hatukulizungumza tena mpaka ukafa.

Jana nilikwenda Maruku kwa Jovitha, mwanao. Sikuwa nimekanyaga pale tangu tulipokuzika. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba jalada linakwenda kiwandani Jumatatu, kwamba nataka kuwaambia ukweli kabla ya hapo, na kwamba naliomba lile daftari la hesabu ili waniamini. Hakuacha kumenya.

"Mjomba," alisema, "unatafuta ushahidi, au unatafuta kusamehewa?"

Nilisema sijui. Akasema afadhali nisijue, maana la kusamehewa hana mamlaka nalo, na daftari lililiwa na mchwa zamani.

Basi sina cha kuwaonyesha, nina barua hii tu, na ndiyo nitakayowasomea badala ya hotuba. Nimeshawapigia simu wachapaji wasubiri. Mmoja alinung'unika kuwa watu wamemzoea na ndevu zake. Huenda Deo atakasirika. Huenda kitabu kisitoke. Jina lako litasikika ukumbini hata hivyo, na litasomwa na yeyote atakayeisoma barua hii.

Lakini kuna jambo lililonifanya nishindwe kutulia tangu jana, nalo si la mkutano. Nilipokuwa naaga, Jovitha aliingia chumbani akatoka na furushi la majarida yetu. Yote, Paskazia, kuanzia toleo la kwanza. Alifungua moja akaliinua mbele ya dirisha, na mwanga ukapenya kwenye kidevu cha Bwana Mgomba. Karatasi pale imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Akafungua la pili, kisha la tatu. Kila ukurasa, kila uso, wino wa ndevu umekwanguliwa kwa wembe, taratibu, bila kuchana.

Akaniambia ulikuwa ukisubiri jarida lifike, unakaa barazani, unamwita akuletee wembe. "Alikuwa akisema, ngoja nimnyoe huyu msichana, ndevu zimemwota tena."

Saa saba na nusu sasa. Jovitha amefika, ameketi getini, furushi ameliweka mapajani, na hataki nilibebe mimi. Pumzika, mdogo wangu, mimi naingia ukumbini.

Kaka yako,
mtia ndevu