Sangala Alinifungia Njia

Buyenzi, Bujumbura

Mudogo wangu Zaina,

Salamu aleikum, na juu yake salamu za mutu mwenye hamu. Macho yako inaendelea aje? Unaona hata kivuli ya mutu ku mulango? Sisi tunapumua. Mi nasema, Mariamu anaandika, muke ya mwanangu Ramadhani. Anayekusomea hapo Ujiji, aisome chini chini.

Najua ulikuwa unaningoja. Sikufika, na sababu ni samaki, sangala.

Ku barabara watu wa vita wanachoma magari. Huyu dereva anayekuletea barua ana moyo yake, mi apana. Ramadhani akasema, "Mama, tupitie ziwa. Kiangazi inaanza, sangala wako karibu na mawe ya Kibenga. Askari hawaachi mutu avuke, tutasema tunavua. Askari wakichoka kutuangalia, nawasha moteri, tunashika njia ya Ujiji." Nikibeba mufuko wangeliuliza, basi nikavaa kanga mbili, moja juu ya ingine. Ya juu ni ile ulinipa, Mariamu aliichoma na pasi. Andika, Mariamu, si ni kweli?

Ku mwalo, pale mitumbwi inatokea, mukubwa wa askari akacheka: "Muzee kama huyu anavua?" Nikamwambia, "Baba yangu alizaa mabinti tu. Ulitaka avue na nani?" Akatuacha, lakini akakaa ku jiwe, macho kwetu.

Nikatupa ndoano ya kumudanganya tu. Sangala akakamata! Zaina, mikono ikasahau safari. Nikamuachia mushipi akimbie, vile baba alitufundisha, nikamurudisha polepole, nikamuachia tena, mpaka akachoka. Kichwa yake kama sufuria ya arusi! Askari wote makofi. Ningelikata ule mushipi. Apana, nilikuwa nacheka kama mujinga.

Tangu siku ile mukubwa anataka sangala yake. Na anatuwekea askari mumoja ndani ya mutumbwi, na bunduki, tusipotee. Jina yake sitaji. Nikawaza: nitamufundisha huyu kijana, akijua kuvua watamutuma yeye, sisi watatusahau.

Lakini kila sangala, kijana anamuvuta kwa nguvu, mushipi inakatika. Kila siku! Nikamukaripia: "We, unavua ao unangoa muhogo?" Akaangalia kwanza ku mwalo. Akasema, "Nyanya, kuvua nimeshajua zamani. Walinileta hapa juu ya uoga. Nikileta samaki watasema nimepona uoga, watanirudisha mu milima kupigana. Wenzangu wa huko wameisha."

Nikamufungia mushipi mupya, Zaina. Na mi ni muzazi. Kesho tunaenda tena: mi navua, yeye anakata mushipi, Ramadhani anaangalia moteri vile mutu wa njaa anaangalia sahani ya jirani.

Salimia shemeji fundi wa viatu, na jirani anayekupikia uji, Mungu amulipe. Tumebaki wawili wa tumbo ya mama. Usinitangulie. Na macho yakikataa kabisa, si kitu: siku nitafika utanijua kwa harufu ya samaki.

Dada yako Mwajuma. Hiki kidole ya wino ni changu.