Ukurasa wa Arobaini na Moja Umetoka

Mpendwa mshauri wetu,

Kabla sijaomba msaada pokea tangazo, na ukiweza lichape kwa herufi kubwa: wakazi wa Majengo, Shauri Moyo na Makongeni mnaarifiwa kwa masikitiko kwamba ukurasa wa arobaini na moja umetoka, na hautarudi kabla ya Alhamisi. Aliyenitangazia ni Burale mwenye duka, kasimama nyuma ya mizani mkono kifuani, nami nusura nimpe pole.

Mimi ni mjane, marehemu mume wangu Haji aliniachia yatima wawili na pikapu kuukuu aliyokuwa akipelekea mahamri yangu Makongeni kwa watu wa reli kila asubuhi, na pamoja na pikapu aliacha kitabu cha kutengeneza gari, cha Kiingereza, chenye picha, alichokinunua kwa kujinyima tumbaku mwaka mzima, na jina lake akaliandika ndani ya jalada kwa wino. Akafariki, nikaingia eda, na wewe unajua eda ni miezi minne na siku kumi, mtu umekaa ndani na huna habari ya kinachotoka mlangoni mwako, basi siku ya tatu tu ya matanga Burale akaja kutoa mkono wa pole, akaona kitabu, akasema angependa apate kitu cha kumkumbukia rafiki yake, na shemeji yangu Abdurahim, ambaye kwa ukarimu wa vitu vya wengine hana mwenzake, akampa. Yeye mwenyewe akachukua koti la kijivu la Haji. Natoka eda naenda dukani kununua chumvi, naona nini? Kitabu kimekatwa kwa wembe, karatasi zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kila mwenye gari bovu kutoka hapa mpaka Shauri Moyo anakodi ukurasa, thumuni kwa siku, wenye picha shilingi!

Nimekodi mara kumi na moja, mshauri. Kitabu changu! Maana gari limegoma kuwaka, na wazee wa ukoo wameamua hivi: likitembea wataniachia mimi na watoto, lisipotembea ni chuma, liuzwe Gikomba na kila mrithi achukue chake, na siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Gereji za mjini, kufunuliwa boneti tu wanataka bei ya mbuzi. Kitabu kipya ni kodi ya chumba ya miezi miwili. Ndugu yangu ana laisensi ya udereva lakini ufundi hajui, basi natengeneza mwenyewe, na msomaji wangu ni jirani yangu Mumina aliyekuwa yaya kwa Wazungu, Kiingereza chake ni cha kulaza watoto, hata palipoandikwa “kaza kwa nguvu zote” anasoma kwa kubembeleza. Hivyo hivyo tumesafisha pampu, tumesugua plagi, betri imetiwa moto upya, tunazungusha hendeli mpaka mabega yanalia, kinacholia ni hendeli tu, gari halishiki.

Nikamwambia Burale, “Hicho ni kitabu cha mume wangu.”

“Kilikuwa, dada Mwanasiti. Sasa ni kumbukumbu.”

“Kumbukumbu inakodishwa?”

“Namkumbuka kila siku, na kila siku ina gharama zake. Ukurasa gani leo?”

Na wale wa barazani pale dukani wakacheka, shemeji Abdurahim akiwa mbele yao na koti la marehemu mwilini, wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na mahali pa kete iliyopotea wameweka kidude cheusi chenye mdomo wa shaba alichokikuta mfukoni mwa koti, wanakiita Disii, kama bwana mkubwa wa wilaya, ati kwa kuwa ni kimoja tu na kinakula wote. Mume wangu alikuwa akirudi jioni anafunua boneti, anainamia injini kama anayemuaga mgonjwa, anafuta mkono, anaingia kula. Hakuwahi kukaa kwenye baraza ile hata siku moja.

Nikigombana watasema eda imemtoka na ulimi umetoka nayo. Niambie, maskini anapata wapi elimu ya gari lake bila kukodi mali yake mwenyewe?

Mwanasiti, Majengo

MSHAURI ANAJIBU

Bi Mwanasiti, pole kwa msiba, na pole ya pili kwa majirani.

Nimesoma barua yako nimesimama, kwa hasira. Burale nimemkasirikia, Abdurahim nimemkasirikia, halafu nikakukasirikia wewe. Mara kumi na moja! Mara ya kwanza ni mshangao, ya pili ni haya. Zile tisa ni mazoea, na Burale ndiye aliyekuzoeza. Mtu aliyekatakata mali ya yatima kwa wembe haoni haya, wewe unaona haya ya nini? Waseme ulimi umetoka. Umekaa ndani miezi minne, nao unahitaji hewa.

Basi fanya hivi. Kesho chukua watu wawili waliohudhuria matanga na wanaojua mwandiko wa Haji, mwende dukani mchana, duka likiwa na wateja, uombe jalada. Jalada tu. Jina likisomwa kwa sauti mbele ya wanunuzi wa sukari, karatasi zitashuka kwenye kamba zenyewe. Akikataa, peleka shauri kwa kadhi, na mimi nitaandika hapa duka liko mtaa gani.

Ukurasa ulio nje usiungoje, na usikodi mwingine. Zile karatasi za kufungia mahamri zikishakunywa mafuta zinaonyesha kilicho chini yake. Kila mwenye ukurasa mwombe nusu saa, weka karatasi juu ya picha, fuatisha kwa penseli. Wiki moja utakuwa na kitabu kizima, kinanukia iliki.

Na Mumina mwache alaze watoto. Makongeni yuko Okumu, fundi wa karakana ya reli, kila Jumapili alasiri anafungua injini kibarazani kwake na anayetaka kutazama anatazama. Ada yake ni kikombe cha chai. Wewe uliyewapelekea nusu ya jirani zake mahamri miaka yote, hukufikiri kumuuliza mmoja wao?

Nimekufikiria mimi. Jana nilimpelekea barua yako. Alisoma pole pole mpaka mwisho, akarudi nyuma akauliza, “Huyu marehemu alipoinamia injini jioni, alitoa nini?”

Nikamwambia hujaandika.

“Ameandika,” akasema.

Dereva anayeogopa wezi hutoa rota kila jioni na kulala nayo. Ni kidude cheusi chenye mdomo wa shaba, ndicho kinachogawa moto kwenye plagi, na pasipo hicho gari haliwaki hata ukikodi kitabu kizima.

Gari lako si bovu, Bi Mwanasiti. Linachezewa drafti.