Sabuni ya Gauni la Jeruto

Jumanne, Agosti 1956

Leo tena, kwenye foleni ya posho. Mwanamke mmoja, mchumaji wa maua ya pareto, alisema bila hata kunong'ona, "Mama gani anafua gauni la mtoto kabla polisi hawajaliona?" Wenzake wakaguna. Nilichukua unga wangu nikaondoka.

Alikuwa akimsema Rael, mke wa ndugu yangu. Jeruto wao alikuwa na miaka minne. Ni wiki ya tatu tangu tumtoe kwenye bwawa akiwa amekufa, na hakuna anayejua alifikaje huko, wala nani alimuumiza kichwa.

Asubuhi ile gauni lilikuwa limejaa matope, na inspekta mzungu alikuwa njiani. Kwetu mtoto haonyeshwi mgeni akiwa mchafu. Nani angejua kwamba polisi wanataka matope? Inspekta alilikuta limeanikwa uani, likitiririka maji. Akaandika kitu kwenye kitabu chake, akamwangalia Rael. Tangu siku hiyo ndugu yangu analala kwa mzee, baba yetu.

Jioni Rael alikuja kuomba moto. Hakuketi. Aliniuliza, "Mama Kibet, hata wewe unafikiri ni mimi?"

Nikamwambia hapana. Nilitaka kuendelea, lakini...

Asubuhi ile ya gauni, Rael alikuwa amekaa chini tu, amempakata mtoto. Mimi ndiye niliyelivua lile gauni. Nilimtia sabuni mkononi nikamwambia, "Fua upesi, wageni wanakuja."

Hajamwambia mtu yeyote kwamba ni mimi niliyemwambia afue. Na mimi pia sijasema.