Gunia Lenye Kofia

Voi, Jumapili, tarehe 8 Juni. Asubuhi ya baridi. Wingu limefunika mlima wa Sagalla na upepo unarusha vumbi.

Mama mpendwa,

Nakuamkia. Goti lako linaendeleaje na mvua ya huko Bungoma? Mimi ni mzima, kifua kimepona. Naanza kuandika kabla ya kwenda kanisani, nitamalizia nikirudi. Ningepiga simu, lakini kwa simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Mwezi huu nitakutumia kidogo kuliko kawaida, na nataka ujue sababu.

Unamkumbuka Mama Wakesho, yule Mtaita aliyeniajiri kwenye kibanda chake cha vitunguu sokoni. Tangu Pasaka biashara imekuwa ngumu. Mkabala nasi amekuja mwingine, Mama Brayo, anayeuza kwa bei ya chini sana, na wateja wamehamia kwake. Majuzi mpishi wa shule, mteja wetu wa zamani, alipita akatutania: "Mama Wakesho, vitunguu vyako vimesoma chuo kikuu ndiyo viwe ghali hivi?"

Mama Wakesho hakuinua hata kichwa. "Havijasoma. Lakini aliyevilima ana watoto shuleni."

Watu walicheka, mpishi pia, kisha akavuka kwenda kununua kule.

Mama Brayo aliniita kando akaniahidi mshahara mzuri zaidi. Nilimwambia Mama Wakesho ukweli. Hakukasirika. Alisema niende nikipenda, ila kwanza nimsindikize Mahoo, kule Taveta, kuchukua mzigo, maana mgongo unamsumbua. Mimi nilikuwa sijawahi kufika kwenye mashamba hayo ya vitunguu.

Alhamisi tukafika kwa mjane mmoja anayemuuzia. Tulikuta lori linalomletea Mama Brayo mzigo limetangulia. Vijana wawili walijaza gunia, wakalitikisa na kulishindilia, wakaongeza tena, kisha wakashona neti juu yake kama kofia, nayo pia wakaijaza vitunguu. Hiyo ndiyo lumbesa. Mjane analipwa gunia moja. Kofia ni ya bure. Akikataa, lori linaondoka na vitunguu vinaozea shambani. Ile bei ya chini inayotufurahisha sokoni, hata mimi, inatoka kwenye kofia hiyo.

Zamu yetu ilipofika, yule mjane, kwa mazoea, alituletea neti na sindano mwenyewe. Mama Wakesho akamrudishia.

"Funga hapa mdomoni, dada."

"Kila mara unasema hivyo. Sasa wewe utakula nini?"

"Nikikosa nitakuja kula kwako. Si una kuku."

Walicheka. Mimi niligeuka nikatazama mfereji wa kumwagilia shamba, kwa sababu nilikuona wewe, Mama. Nilimkumbuka broka anayenunua viazi vyetu, jinsi unavyompikia chai kila mavuno kwa furaha kwamba amekubali kununua, na sisi watoto tukishikilia neti akishona.

Njiani kurudi nilimwambia Mama Wakesho kwamba sihami. Akasema, "Utajuta siku ya mshahara." Na kweli jana, aliponilipa, nilijuta kidogo. Biashara ni ndogo, naye ananigawia kinachopatikana.

Usidhani ni malaika. Ni mkali, akikuta kitunguu kimeoza ndani ya kilo ya mteja, ananigombeza mbele ya watu. Lakini hajawahi kuniambia nimdanganye mtu, wala hawahubirii wanaovuka kwenda kule. Anapanda gari kwenda Mahoo na mgongo wake mbovu, na gunia linafungwa mdomoni. Natamani niwe na moyo kama huo.

Mavuno yako ya viazi yanakaribia. Najua ukikataa kofia, broka anaweza kuondoka, na mwezi huu mimi sina cha kuziba pengo. Kwa hiyo sikuagizi kitu. Nakuomba tu, akitoa ile neti, umwambie, hata kama ni mara moja tu, afunge mdomoni, kisha uniandikie alijibu nini. Akiondoka, nilaumu mimi.

Nisalimie Baba, kaka Wafula na mkewe, shangazi anayekuchotea maji, na mama wa kwaya aliyenifundisha kuimba sauti ya pili.

Ni mimi binti yako anayekuwaza,
Nekesa

Nimemaliza usiku. Sasa ni saa tano na robo, nazima taa.