Tani Tatu kwa Kila Tripu

Jumatatu, 3 Machi

Takataka zinazofika dampo zimepungua kwa asilimia thelathini na nane tangu mwaka jana. Kasema Afisa Mazingira wa manispaa, saa nne asubuhi, ukumbi mdogo, feni moja. Zamani tani 150 kwa siku, sasa 93. Kwa hiyo gesi inayotokana na uozo na kuipasha dunia joto nayo imepungua "kwa kiwango hichohicho". Lengo la miaka mitano limefikiwa kabla ya wakati. Na kwa kuwa limefikiwa, yadi ya mboji nyuma ya soko, wanakogeuza maganda na mabaki ya mboga kuwa mbolea, haihitajiki tena. Madiwani watapiga kura kuifunga tarehe 20. Eneo litakuwa maegesho ya magari — eti ili kupunguza gesi!

Nikauliza nani anapima. Mizani, akasema. Mizani ipi? Akatazama saa yake. Swali lingine tafadhali.

Miaka ishirini na sita nahudhuria mikutano ya manispaa hii. Sijaona kitu kikipungua haraka hivyo, isipokuwa maji bombani.

Chumba cha habari kimeshambatiza afisa huyo: Bwana Asilimia.

Jumanne, 4 Machi

Dampo. Moshi uleule, kunguru walewale. Nimekaa getini kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na moja jioni. Magari 31, namba za usajili na saa ya kuingia, yote daftarini.

Mizani ya magari ipo. Bamba lake limezibwa na tope, nyasi zimeota pembeni, kioo cha namba kimekufa. Mlinzi anaanikia soksi hapo.

Karani wa mizani ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Niliandike wazi hapa maana gazetini pia itabidi. Alinipa kiti, akaendelea na kazi: kila gari likiingia, kijiti kimoja kwenye fomu. Jioni anajumlisha vijiti, anazidisha kwa tatu. Siyo kichwani mwake — fomu yenyewe imechapwa hivyo: tani tatu kwa kila tripu.

Nikamuuliza gari lile pale linabeba tani ngapi.

Tano.

Na yale ya zamani? Tatu. Yalibadilishwa lini? Agosti. Na fomu je? Hapo akainamia vijiti vyake kama mtu aliyeona sindano sakafuni.

Hesabu. Zamani tripu 50 mara tatu: 150. Sasa tripu 31 mara tano: 155. Takataka hazijapungua. Zimeongezeka. Kilichopungua ni tripu.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kaja ofisini saa ya chakula. Hajawahi. Hakuketi. Anasema Septemba alimuuliza Bwana Asilimia kuhusu fomu. Akajibiwa kwa mdomo: fuata fomu, usijifanye mjuaji. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Ila sahihi kwenye fomu ni zake, siku kwa siku, miezi saba.

"Shemeji, ukiandika, wao watabaki na viti vyao. Mimi ndiye nitakayeambiwa sijui kuzidisha."

Nikamwambia nitaandika. Nikamuuliza kama naweza kuandika kwamba aliuliza. Akataka muda wa kufikiria. Nikampa hadi kesho saa sita mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tano na dakika hamsini, ujumbe kwenye simu. Neno moja: Andika.

Nikampigia Bwana Asilimia, nikamsomea hesabu. Akasema mimi sielewi takwimu, tena nina undugu na idara yake, natumia gazeti kumtafutia shemeji cheo. Nikamuuliza kama tano ni zaidi ya tatu. Akakata simu. Nimeandika pia kwamba amekata.

Mhariri hakuniamini, na kwa undugu huu namwelewa. Alikuwa amemtuma mwenzangu getini tangu alfajiri bila kuniambia. Amehesabu 32.

Jumamosi, 8 Machi

Imetoka. Ukurasa wa kwanza, chini. Undugu umetajwa aya ya tatu.

Mwenyekiti wa yadi ya mboji, yule mama sauti ya tarumbeta, alinipigia saa moja asubuhi. Hakushukuru. Akauliza mwaka mzima waandishi tulikuwa tunatazama nini, maana kila mgeni akija yadini tunajaa kupiga picha, wageni wakiondoka na sisi haoo. Sikubishana. Uzinduzi wa magari mapya niliuripoti mimi, Agosti. Niliandika kabisa: tani tano kila moja. Nikaenda nyumbani. Sikuzidisha.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Alinipakulia mwenyewe, kwa heshima zote, akanikabidhi sahani kama anavyomkabidhi fundi aliyekuja kuziba bomba. Mke wangu hajasema nami tangu jana ila ya lazima: funguo, maji, mlango. Leo mezani kafungua mdomo.

"Ulimpa hadi saa sita. Kaka yangu! Kama unamdai deni."

Nikasema lilikuwa jambo la kazi. Hapo nilikosea, na nilijua kabla sijafunga mdomo. Mama mkwe akauliza, akitazama bakuli la mchuzi na siyo mimi, kama kazi hiyo ndiyo itakayomlisha mwanawe akifukuzwa. Shemeji mwenyewe alikula vizuri kuliko sote. Akaongeza mara ya pili.

Jumatatu, 10 Machi

Taarifa ya manispaa, kurasa mbili. Karani wa mizani "kwa uzembe wake binafsi" alitumia fomu iliyopitwa na wakati. Bangusilo, wa kubebeshwa lawama, kapatikana. Kikao cha nidhamu: Jumatatu tarehe 17. Lakini — na hapa ndipo panaponuka — takwimu ya asilimia 38 "bado ni sahihi kwa jumla". Fomu mbovu, jibu zuri.

Ili kumaliza ubishi, Ijumaa tarehe 14, saa mbili asubuhi, magari yote yatapimwa hadharani kwenye mizani ya kinu cha unga. Wananchi wanakaribishwa. Matokeo yatasainiwa na karani yuleyule, maana ndiye mwenye mhuri.

Jumatano, 12 Machi

Karakana ya manispaa. Dereva mmoja kaninong'oneza: magari makubwa yameamriwa yapumzike Ijumaa kwa matengenezo. Yote. Kwa siku moja.

Nyuma ya ghala, yale madogo ya zamani, yaliyosemekana yameuzwa. Yanapakwa kijani, kijani hasa cha yale mapya. Niligusa mlango wa moja, kidole kikarudi na rangi.

Bwana Asilimia akatokea na kalamu sikioni. Akaniuliza kama siku hizi nakagua rangi. Nikasema nahesabu magurudumu: mapya yana kumi, haya sita. Akasema mtu mzima kama mimi anapaswa kujua pa kuishia, hasa mwenye ndugu serikalini. Nikamwomba arudie polepole, niandike. Akamwita mlinzi. Nilitoka kwa miguu yangu.

Habari nimeikabidhi. Mhariri anataka picha ya gari moja likiwa juu ya mizani. Bila hiyo hachapi.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji kaja nyumbani saa kumi na moja, jua bado kali. Kaweka karatasi mezani. Matokeo ya upimaji wa kesho. Yamekwishachapwa! Tripu 31. Wastani wa mzigo: tani tatu. Jumla: tani 93. Tarehe ya kesho, saa nne na nusu asubuhi. Nafasi ya sahihi tu ndiyo tupu. Kaambiwa aisaini, aipige mhuri na kuirudisha leo kabla ofisi haijafungwa, na kikao cha nidhamu kitafutwa. Ofisi imeshafungwa. Karatasi bado anayo.

Mke wangu alisoma mara mbili, kidole kwenye kila mstari. Akamuuliza akisaini itakuwaje. Jumatatu nitakuwa kazini, akasema. Asiposaini je? Akaivuta karatasi karibu yake.

Nikaomba kuipiga picha. Akaifunika kwa kiganja.

"Kwanza nijibu kama shemeji, siyo kama gazeti. Ungekuwa mimi, ungesaini?"

Nikamwambia nisingesaini. Mke wangu akasema ni rahisi kwa mtu ambaye jina lake halipo kwenye karatasi. Hilo nalo ni kweli.

Nimekuja chumbani kuandika. Wao wawili wamebaki mezani. Mlango uko wazi; kiganja bado kiko pale nilipokiacha. Afisa amempigia simu mara tatu, hajapokea. Upimaji ni kesho saa mbili kamili, kinu cha unga, lango la nyuma. Nimemwambia mpiga picha afike saa moja.